Wageni Wangu Wawili Walikuwa Watoto

Akina mama, na nyinyi wazee mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawasalimu. Mwenyekiti amenisihi niwe na adabu leo. Nitajaribu.

Nyote mnanijua kwa miguu yangu. Shule niliiacha mapema nikashika njia. Nimeuza vitunguu Lwakhakha, nimepalilia mahindi ya wazungu kule Kitale. Kila nilipofika niliuliza maswali mpaka nikafukuzwa.

Nilipoolewa hapa Bungoma nilidhani nimetulia. Mtoto wangu wa kwanza alinyonya vizuri, akalia kwa nguvu. Kisha asubuhi moja akakataa ziwa. Taya zikakaza, mgongo ukapinda, ukimgusa anashtuka. Tulipomzika nikalia, na shangazi wa mume wangu akanikemea. "Nyamaza. Kitovu hakijaanguka, huyo hakuwa mtoto. Alikuwa mgeni, na mgeni amerudi kwao."

Wa pili akaja, akaenda vilevile. Safari hii hawakunifariji. "Umemkosea nani?" wakaniuliza. "Ulikanyaga nini huko barabarani?" Watu wakaacha kupokea chakula mkononi mwangu. Ndugu zangu, nawaambia, mtu akiitwa mchawi kila siku, mwishowe anajichunguza mikono. Mimi nilianza kuamini. Nikamwomba mume wangu tuondoke, tukaenda kufanya kibarua Kitale. Nikashika mimba tena, nikaifunika kwa shuka kama kitu cha wizi.

Siku moja daktari akaja kwenye kambi yetu ya vibarua na mkunga, dada wa huku huku, aliyemtafsiria. Walikuwa wanachunguza kwa nini watoto wachanga wanakufa. Wakatupanga mstari. "Umefiwa na watoto wangapi?" Jirani yangu, ambaye nilimshika mkono alipokuwa anazika, akajibu, "Hakuna." Aliyemfuata, "Hakuna." Na mimi, nikiwa na makaburi mawili, nikafungua mdomo nikasema, "Hakuna."

Nilipolisikia neno hilo masikioni mwangu, likanichoma. Sikuwa nimedanganya, na bado ulikuwa uongo.

"Dada," nikamwambia mkunga, "mmeuliza watoto. Wageni je?"

"Wageni gani?"

Nikamweleza. Akamgeukia daktari, wakazungumza kirefu kwa Kiingereza, halafu wakarudi kwa mama wa kwanza wakaanza upya, sasa wakiuliza na wageni. Mstari mzima ulilia. Hata wale waliokuja kuchungulia tu.

Zamu yangu ikafika tena. "Kitovu mlikipaka nini?" mkunga akauliza.

Wote walikuwa wameniuliza nimemkosea nani. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilipaka nini!

"Udongo wa mekoni," nikasema, "uliokandwa na mavi ya ng'ombe. Kama kila mtu."

Walipomaliza wakapanda lori waende zao. Nikasimama mbele ya lori na tumbo langu.

"Toka hapo, wewe mwanamke!" nyapara akapiga kelele. "Ati unataka kukanyagwa?"

"Wanikanyage. Wametuuliza tangu asubuhi, si sasa na sisi tuulize? Daktari, umeona nini?"

Mkunga akatafsiri. "Anasema kazi haijaisha. Hawezi kusema kabla hajawa na hakika."

"Mwambie hili tumbo halingojei hakika yake."

Daktari akalitazama tumbo, akasema maneno machache. Mkunga akashuka, akanijia karibu. "Hana hakika bado, lakini anaushuku huo udongo. Ugonjwa ni pepopunda, huingia kwenye kidonda. Ungekuwa mke wake, angekata kitovu kwa wembe uliochemshwa, afunge kwa uzi uliochemshwa, na asingepaka kitu."

"Asingepaka kitu gani?"

"Kitu chochote, dada. Kitambaa safi, basi."

Nilirudi kujifungulia hapa hapa, makusudi. Shangazi akaingia na bakuli la udongo.

"Weka chini, shangazi."

"Unataka kuua tena?"

"Huo udongo hautamgusa."

"Sikieni! Mwanamke wa barabarani atatufundisha kuzaa!"

"Barabarani ndiko nilikofundishwa."

Mume wangu akaweka kiti mlangoni akakaa, udongo usirudi, na hakusogea. Nami sikulala vizuri hata kidogo, maana yule daktari mwenyewe alisema hana hakika. Kitovu kikakauka, kikaanguka. Siku hiyo shangazi akaja kimya, akamtia mtoto kidole mdomoni kupima taya. Mtoto akakishika akavuta.

"Huyu ananyonya, bana," akasema, na machozi yakamtoka.

Namshukuru mkunga aliyekubali kuuliza upya. Namshukuru mume wangu kwa kiti chake cha mlangoni. Namshukuru shangazi pia, usijifiche hapo nyuma. Udongo wake siku hizi unakandika ukuta tu, na ukuta ni mzuri.

Akina mama, madaktari wakija kuwauliza tena, jibuni yote. Lakini msiwaache waondoke na majibu yenu kabla hawajawaambia walichoona. Ni wafu wetu, ni haki yetu kujua.

Na neno mgeni nimelikataa. Mgeni hubisha hodi akakaribishwa. Wangu walitoka tumboni mwangu. Mtu akiniuliza nimezaa wangapi, nasema watatu. Asiyeipenda hesabu hiyo na asimame sasa hivi aniambie nimtoe yupi.