Tangi la Pikipiki ya Mama Recho

Kijiwe cha Kibirizi kiko hatua chache juu ya mwalo, pale boti za Mwamgongo zinaposhusha watu na dagaa. Wenyewe hujisifu kwamba hakuna jambo linaloshindikana pale kabla birika la Dunia, muuza kahawa, halijakauka. Ukweli ni kwamba kitu pekee kilichowahi kumalizwa kwenye benchi lile ni kahawa. Asubuhi hiyo Leodgar alifika akisukuma pikipiki ya mkewe, akaiegesha mbele ya watu kama aliyeleta mgonjwa, kisha akakaa bila kusalimia. Tangi lililokuwa jekundu sasa lilikuwa la kijani, na hicho kijani kilikuwa kimejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Pembeni kilikuwa kinabanduka vipande vipande.

— Yebaba we! alisema Dunia, birika mkononi. Baba Recho, umeifanya nini pikipiki ya watu?

— Nimeipaka rangi.

— Umeipaka au umeibabua?

Leodgar alibandua kipande kwa ukucha. Siku tatu alikuwa uani kwake Buzebazeba, msasa mkono mmoja na brashi mkono wa pili, huku Rozalia, mama Recho, akiwa Mwamgongo kununua dagaa. Boti yake ilikuwa inategemewa kabla ya adhuhuri.

Mzee Feliksi alivaa miwani. Pale kijiweni anaitwa Injinia, kwa sababu aliwahi kulinda geti la karakana miaka mitatu, na anaamini elimu ya ndani ilikuwa inamfikia kupitia uzio.

— Hapa hakuna siri, alisema Injinia. Chuma kinapumua. Wewe umekiziba pua, kimekohoa. Ulitoa petroli kwanza?

— Sikutoa.

— Basi! Mvuke umesukuma rangi kutoka ndani.

— Mvuke utoboe chuma, mzee wangu? Acha zako! alidakia Nikodemu, fundi mitumbwi ambaye wote wanamwita Kasia.

— Wewe nyamaza, rangi yenyewe si ya kwako?

Kasia alijikuna shingo. Ni kweli, rangi ilikuwa yake, nusu kopo iliyobaki kwenye boti aliyoimaliza mwezi uliopita. Leodgar alikuwa ameomba mwenyewe. Alipiga hesabu kwamba rangi isiyobanduka ziwani, ikipigwa mawimbi mwaka mzima, haiwezi kushindwa na pikipiki inayooshwa Jumapili.

— Rangi yangu haina tatizo, alisema Kasia. Ila imezoea maji. Ukiipaka kitu cha nchi kavu inatafuta maji, haiyaoni, inajikunja. Ungeizamisha ziwani siku moja tu, ingetulia.

— Pikipiki uizamishe ziwani?

— Siku moja tu, nimesema!

— Na injini je?

— Injini unaifunga nailoni.

Injinia alicheka mpaka akamwaga kahawa, kisha akaleta nadharia nyingine. Pikipiki hizi, alisema, zinatengenezwa nchi za baridi, zikiwa nyekundu tangu kiwandani, na chuma kikishaizoea rangi moja hakikubali nyingine. Alikuwa na shemeji Kasulu aliyepaka baiskeli bluu, ikarudi nyeusi yenyewe.

— Ilirudi nyeusi au aliirudishia? aliuliza Dunia.

— Sikumhoji, ni shemeji.

Leodgar alikuwa anasikiliza huku macho yake yako ziwani. Wengine walikuwa wanacheka, na hakuwalaumu, kwa sababu tangi lile lilikuwa linachekesha kweli. Lakini tangu aumie mgongo kwa kubeba magunia, miaka minne sasa, Rozalia ndiye anayelisha nyumba. Pikipiki alinunua yeye, anaendesha yeye, na hajawahi kumsimanga mumewe hata siku moja. Huko kutosimangwa ndiko kulikomuuma Leodgar kuliko mgongo. Alitaka mkewe ashuke kwenye boti aikute pikipiki inang'aa, ajue kwamba mikono ya mumewe bado inafaa kitu. Sasa alikuwa anatamani boti ichelewe, na alijionea aibu kwa kutamani hivyo.

— Hebu tuongee kama watu wazima, alisema Dunia. Kabla hujapaka, uliiosha kwa sabuni?

— Ya nini? Ilikuwa safi. Mama Recho kila Jumapili anaipangusa kwa kitambaa na mawese kidogo, ing'ae.

Kasia aliweka kikombe chini.

— Mawese?

— Kidogo tu.

— Kila Jumapili?

— Tangu ainunue.

— Msasa ukapitisha juu ya mawese, kisha ukapaka rangi juu ya mawese! Kaka, umezingua. Hiyo siyo rangi tena, hiyo ni maandazi.

Hapo ndipo kijiwe kizima kilipolipuka kwa kicheko, na Leodgar naye akacheka bila kutaka, kidogo, kisha akafunika uso kwa viganja. Dunia alipoona hivyo alimwongezea kahawa bila kuulizwa.

— Bado muda upo, alisema Injinia kwa upole. Mwambie ndiyo mtindo mpya huko mjini.

— Au lifunike kitenge, useme umelikinga na jua, alisema Kasia.

— Mwambie iliibwa, wezi wakaipaka, polisi wakaikamata jana!

— Mzee Feliksi, mwizi gani apake kwa brashi ya boti?

Wakiwa katika kumtafuta mwizi huyo, alifika Esther, fundi cherehani aliyehamia jirani wiki ile ile, kikombe chake mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitikia.

Dunia alimsimulia yote, kuanzia mgongo hadi mawese. Esther alilizunguka tangi, akaligusa kwa kidole.

— Hii inatoka yote, alisema. Ikwangueni, muoshe kwa sabuni, mpake upya. Kwani mama Recho mwenyewe anapenda rangi gani?

Wote walimgeukia Leodgar.

Leodgar alifungua mdomo. Alijua mkewe anaogopa radi. Alijua hali kichwa cha samaki na anakunywa chai bila sukari. Alijaribu kukumbuka vitenge vinavyoanikwa kwenye kamba yake kila wiki, miaka ishirini na miwili, na havikumjia hata kimoja.

— Wanawake wote wanapenda... alianza Injinia.

— Sijauliza wanawake wote, mzee wangu.

Injinia alivua miwani. Kasia, mwenye mke nyumbani na watoto sita, alianza kulitazama ziwa kwa bidii.

Mlio wa injini ya boti ulisikika kutoka upande wa Gombe. Leodgar alisimama, akaishika pikipiki, akaanza kuiteremsha kwenda mwaloni vile vile ilivyo.

— Chukua basi kitenge! aliita Dunia.

— Acha aione.

— Utamwambia nini?

— Sina la kumwambia, alisema Leodgar. Nakwenda kumuuliza.