Kozi wa Mnara wa Bandarini

Sikilizeni wanangu, Havyarimana, na wewe Arakaza kitinda mimba wangu. Sogeeni, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na neno hili la mama yenu nataka mlisikie wote wawili kwa pamoja, asije mmoja akamsimulia mwenzake.

Tulipokimbia Burundi, baba yenu Feliksi alibaki nyuma, akisema atatufuata. Hakutufuata. Nimeitazama barabara ya Kidahwe mpaka macho yamefifia. Nikapata kibarua cha kufagia ghala la nafaka bandarini, na juu ya mnara wake kozi wawili walikuwa wakilea makinda. Mabawa ya wale watoto yalipokomaa, mama yao aliacha kuwalisha. Alipita mbele yao na njiwa kuchani, akizunguka, nao wakilia ukingoni. Wa kwanza akaruka kumfuata, mama akaliachia windo hewani, mtoto akalidaka. Wa pili aliporuka alianguka juu ya bati la ghala, akajikunyata pale akilia, nami nikachukua utumbo wa samaki nimpelekee.

Bonifasi mlinzi akanizuia. "Mwache, Mama Havya. Ukimzoesha kula hapo, hapo ndipo atakapofia."

"Mama yake si amemtupa?"

"Hajamtupa. Mtazame."

Nikainua macho. Alikuwa pale juu, windo miguuni, hajalionja. Wahenga walisema kozi kulala na njaa kupenda. Siku hiyo nikajua maana yake. Kesho yake yule mdogo akaruka. Mwishowe wote wawili wakaenda zao kuwinda upande wa Kongo, sikuwaona tena, na yule mama akawa anashinda ukingoni, akiita.

Ndipo nilipokupeleka Kasulu, Havyarimana, kwa fundi Nikodemu, ukajifunze uashi. Ulilia, nami nikageuka usiuone uso wangu. Leo nyumba hii ya Buzebazeba imesimama kwa mikono yako.

Basi nyumba ni yenu sawa kwa sawa, wa kiume na wa kike. Ugomvi wa mpaka na jirani Agnesi uzikeni pamoja nami. Mwamkieni, ndiye aliyenipa moto wa kupikia siku ya kwanza nilipofika hapa. Msiivushe mifupa yangu kuirudisha Burundi, ardhi hii imenipokea. Na Feliksi akija, hata kama amezeeka, hata kama hanikumbuki, mpeni kiti, mwambieni nilimngoja.

Arakaza, umepata nafasi ya uuguzi Tabora, nawe unasema, "Nani atakupa maji, Mama?" Kaka yako atanipa. Treni ni ya leo. Usiniambie habari ya wiki ijayo. Nitakutamani, mwanangu, nitakutamani hata huko niendako, lakini nenda.

Imana, Mungu wa kwetu, awatangulie njiani... awape watu wa kuwafungulia milango... Havya, mbebee mdogo wako begi... Arakaza. Achia mkono wangu. Achia, mama... achia.