Kisasi cha Talha

Mwaka tisini na tatu, kwenye pantoni ya Kigamboni, kijana aliyevaa suti nyeusi alikaa kando yangu akitiririka jasho. Alimwamkia mama mmoja mwenye kapu la vitunguu. Mama akaitikia, kisha akamuuliza kama anakwenda msibani.

"Naenda kulipiza kisasi, mama. Mie naitwa Talha. Nilimfanya rafiki yangu Twaha mshenga, apeleke posa yangu kwa kina Shamimu. Akarudi bwana harusi."

"Makubwa! Na suti ya nini?"

Akaeleza kwamba miezi miwili ameshinda kwenye kibanda cha video Temeke, akitazama sinema za majambazi wa Kiitaliano. Kule aliyesalitiwa hapigi kelele. Anavaa, anakwenda kwa msaliti, wanakula pamoja, wanacheka. Kisasi hufuata baadaye. "Ndo mafia hao, mama."

"Mie kwetu ndo Mafia," mama akasema, "na sijamwona hata mmoja wa hivyo. Silaha unayo?"

"Bado. Leo ni kula tu."

"Kwa hiyo mwenzio kachukua mchumba, nawe unakwenda kumsifia pilau."

Nilijitia kutazama maji ili nisicheke. Talha hakukasirika. Alisema polepole, "Nataka nimuulize Shamimu kama walimlazimisha."

Mama akaacha dhihaka. "Na akikwambia alimpenda mwenyewe?"

Pantoni ikagusa ng'ambo, mlango ukateremshwa. Sote tukashuka na mizigo yetu. Talha alibaki amekaa.