Simu Nne Katika Nyumba Tupu: Maisha ya Mama Aune Kangas

Ndugu wapendwa, mbele ya Mungu tunawasomea maisha ya mama yetu, Aune Kangas, aliyezaliwa tarehe 9 Machi 1938 huko Calumet, Michigan, binti wa mwisho wa mchimba shaba Eino Saari na mkewe Lempi, akabatizwa na kupata kipaimara katika kanisa hilihili.

Alisoma hadi darasa la kumi, mwaka 1954, kisha akaingia jikoni katika shule moja ya Hancock, akawapikia watoto kwa miaka thelathini na minane, wala hakuvumilia mtoto abakize supu.

Tarehe 16 Juni 1962 alifunga ndoa na Reino Kangas, mkata magogo, wakajaliwa mtoto mmoja, Elma. Reino alifariki mwaka 1999, na kwa muda mrefu Mama aliendelea kuandaa vikombe viwili vya kahawa, kimoja akikimwaga kikishapoa.

Mwaka 2019 alipatwa na kiharusi, akahamia nyumba ya kutunzia wazee, na kwa hati ya kisheria Elma ndiye aliyepewa kuamua matibabu yake na kuarifiwa kila hali yake inapobadilika, naye akamwahidi mama yake kwamba hatakufa bila yeye kuwepo. Oktoba 2022 Elma alihamia Duluth, mwendo wa saa nne kwa gari, akaacha namba mpya katika ofisi ya nyumba hiyo ya wazee, lakini namba hiyo haikufika kwenye jalada la wauguzi.

Jumanne, tarehe 17 Januari 2023, Mama alikataa kula, homa ikapanda, na kwa siku tatu wauguzi wakapiga simu mara nne katika nyumba ya zamani ya Elma, iliyokuwa tupu lakini simu yake haijakatwa, mashine ya kurekodi ujumbe ikapokea, na kila mmoja akaandika kwamba familia imearifiwa. Ijumaa alfajiri muuguzi Bernice, aliyekuwa ametoka likizo, alishangaa kutomwona Elma, akaitafuta namba yake mpaka akaipata, akampigia. Elma aliondoka palepale kwenye theluji, akafika saa tano kasoro dakika kumi, na Mama alikuwa amefariki saa tatu na dakika arobaini.

Tunamshukuru Bernice aliyemshika mkono hadi mwisho, daktari, majirani, wapishi wenzake wa zamani, na wauguzi wale wengine pia, ambao tumewasamehe. Ila tunawasihi, mashine ikiitika, hajaarifiwa mtu. Pigeni mpaka mtu aitike.

Jumapili Elma alikwenda peke yake katika nyumba yake ile ya zamani, akasikiliza kwenye mashine simu zote nne bila kuvua koti. Katika ya tatu muuguzi anasema, "Elma, dada yangu, mama yako anakuulizia," na nyuma yake inasikika sauti ya Mama, dhaifu, lakini na ukali wake uleule: "Mwambie asikimbize gari, wee, barabara ina barafu!"

Pumzika, Mama, katika amani ya Bwana. Mwanao amefika salama.