Gunia Lisilo na Chumvi: Maisha ya Épitace Havyarimana, 1949–1996

Baba Padri, wazee wa jumuiya, majirani wa kambi hii ya wakimbizi ya Dzaleka, na nyinyi mliotoka Lilongwe leo alfajiri juu ya lori la samaki, nawasalimu kwa niaba ya familia. Mimi naitwa Matata Kiza, mzaliwa wa Kindu, muuza chumvi, sabuni na samaki wakavu, na najua wapo wanaonong'ona huko nyuma kwa nini Mwislamu wa Maniema asome historia ya Mrundi Mkatoliki. Jibu ni kwamba marehemu mwenyewe aliagiza hivyo mbele ya mke wake, akasema, "Matata njo asome, sauti yake inafika mpaka mtoni, ila asiongeze chumvi." Kumwambia muuza chumvi asiongeze chumvi ni mtihani mkubwa, lakini nitajitahidi.

Marehemu Épitace Havyarimana alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika mkoa wa Ngozi, nchini Burundi, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Nyandwi, mkulima wa kahawa, mtu ambaye mimi sikumwona kwa macho lakini nimesimuliwa habari zake mpaka namfahamu kuliko baadhi ya wajomba zangu. Alianza shule ya msingi ya misheni mwaka 1956, akamaliza 1962, akaendelea na sekondari Bujumbura mpaka 1970, na mwaka huohuo akapata nafasi ya kwenda Ubelgiji kusoma kemia, akarudi mwaka 1976 na shahada, koti zito la baridi, na tabia ya kutafuna chakula polepole ambayo ilitutesa sote tuliowahi kula nsima, ugali wa huku, naye kutoka sahani moja.

Mwaka 1976 hadi 1988 alifanya kazi katika kiwanda cha plastiki Bujumbura, wakitengeneza mabeseni na madumu, na alikuwa akisema kwamba plastiki ni mnyororo mrefu wa pete ndogondogo zilizoshikana, na kwamba mtu akijua kuzipanga pete hizo anaweza kutengeneza beseni, au kamba, au kitu kidogo kuliko jicho linavyoweza kuona.

Tarehe 18 Agosti 1979, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Kankindi, huyu mama mliyemwona akilia kwa utaratibu tangu juzi, na Mungu akawajalia watoto wawili, Jean-Pierre mwaka 1980 na Amanda mwaka 1982. Wote wawili walizaliwa na ugonjwa wa damu, ule ambao chembe za damu zinajikunja kama mundu na kuziba njia, mtoto analia kwa maumivu ya mifupa bila kuonekana jeraha. Jean-Pierre alifariki tarehe 2 Mei 1987, akiwa hajatimiza miaka saba. Hapo sitaongeza neno.

Baada ya msiba huo marehemu aliacha mabeseni. Mwaka 1988 alirudi Ubelgiji, akaingia maabara ya watu waliokuwa wanatafuta namna ya kupeleka mbegu ya urithi, yaani jeni nzima isiyo na kasoro, mpaka ndani ya seli ya mgonjwa. Mimi niliishia darasa la tano, lakini jambo hili nalielewa kuliko wengi wenye diploma, kwa sababu mfano wake nilimpa mimi mwenyewe, hapahapa kambini, na kuanzia siku ile alikuwa akiutumia kila anapoulizwa, bila kutaja kwamba ni wangu.

Nilimwambia hivi: mi nimesukuma baiskeli ya chumvi kutoka Kindu kupita msituni, na chumvi ikinyeshewa haifiki, unafika na gunia lenye machozi tu, kwa hiyo lazima ifungwe vizuri. Akapiga goti lake kwa furaha, akasema njo vilevile! Mbegu ya urithi ukiitia kwenye damu hivihivi, inakatwakatwa kabla haijafika popote, tena ina umeme wa hasi, na ngozi ya seli nayo ina hasi, zinakataana kama wake wenza. Wao wakachukua ile minyororo ya plastiki yenye umeme wa chanya, ikaikumbatia mbegu, ikaikunja, ikawa kifurushi kidogo sana, na seli ikakimeza yenyewe ikidhani ni chakula. Lakini kumezwa hakutoshi, kwani seli hukiweka kifurushi ndani ya kifuko chenye asidi ya kukisaga, na ujanja wao ulikuwa kupata mnyororo unaokunywa ile asidi, unakunywa, unakunywa, mpaka kifuko kinavimba na kupasuka, mbegu inatoka salama.

Nikamuuliza, basi mbona watu bado wanakufa? Akasema kwenye kisahani cha kioo inaingia vizuri, ila kwenye mwili wa mtu vifurushi vinagandana na vitu vya damu, vinakwama kwenye mapafu, na chanya ikizidi inatoboa hata seli nzima. Akasema bado sana. Hilo neno "bado" ndilo lililompatia taabu hapa kambini kuliko njaa.

Alirudi Bujumbura Septemba 1993 kufundisha chuo kikuu, na mwezi uliofuata vita vikaanza. Walipita Tanzania, wakafika Dzaleka tarehe 9 Februari 1995, yeye, Kankindi, Amanda, na shemeji yake Bucumi, kaka wa Kankindi, ambaye amekaa pale mbele amekunja mikono. Katika mizigo yao kulikuwa na soksi ya sufu, na ndani ya soksi chupa ya kahawia kutoka maabara, kwa maana alikuwa na matumaini kwamba siku moja atapata meza na mzani aendelee na kazi.

Hapa kambini alifundisha watoto sayansi asubuhi, na mchana akawa fundi wa ndoo, anapasha kisu moto na kuziba beseni lililopasuka mpaka usione mshono, nami nikawa namletea mabeseni mabovu kutoka Chinsapo na Chilinde, mitaa ya Lilongwe. Huko Chilinde niliwaambia watu kwamba Dzaleka kuna mtu anayejua kuingia kwenye damu ya mwanadamu bila kubisha hodi, na ni kweli, sikudanganya. Kama kuna bwana wa Area 18, hukohuko mjini, aliyekuja na gari lake kuulizia chupa, huyo alisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Ikawa kambi imegawanyika. Nusu walisema kwenye chupa kuna dawa na baba huyu anamnyima mwanawe, nusu walisema kuna sumu. Mnajua desturi yetu watu wa maziwa makuu, mwenye nyumba hampi mgeni kinywaji kabla hajakionja yeye kwanza. Nyumbani kwa Épitace wageni walimwambia aonje, halafu aonje tena, halafu na upande wa pili wa kikombe, mpaka mgeni anaondoka na kiu na mwenye nyumba ameshiba. Mimi peke yangu nilikunywa chai yake bila kuonjewa, na nipo.

Kuanzia Julai 1996 moyo wa marehemu ulianza kushindwa, miguu ikavimba, hakulala chali tena. Na tarehe 10 Septemba, Jumanne, Amanda akapatwa na maumivu makali kuliko siku zote, macho ya njano, anang'ang'ania ukuta. Asubuhi ile Bucumi alichemsha sindano, akaitoa chupa kwenye soksi. Tusimseme vibaya, alikuwa amemzika mpwa mmoja, hakutaka kuzika wa pili. Kankindi alikuwa amemshika mtoto, hajui amshike nani mwingine. Nilikuwepo mlangoni na beseni mkononi. Marehemu akatoka chumbani akishikilia ukuta, miguu kama magogo, wala hakupaza sauti.

"Bofrere," akamwambia shemeji yake, "kwetu anayetoa njo anaonja kwanza. Jipige we sindano, nitatazama."

"Mi siumwi!" akasema Bucumi.

"Hata anayeumwa hatapona. Iyo chupa ni gunia, Bucumi, ni minyororo ya plastiki tu. Chumvi haimo. Haikuwamo hata siku moja."

Bucumi akaitazama chupa, akauliza, "Sasa miaka yote hii tunabeba gunia tupu?"

"Tunabeba gunia tupu," akajibu marehemu, "na ukimtia mtoto, litamtoboa damu iliyobaki."

Bucumi akaweka sindano chini. Mtu mwenye mwili kama ule, akakaa kwenye ndoo iliyokuwa bado haijazibwa. Mimi nikamchukua Amanda mgongoni, na kwa kuwa lori la samaki lilikuwa linaondoka, nikalisimamisha kwa kusimama mbele yake, dereva ameketi pale, mwulizeni. Hospitali kubwa ya Lilongwe wakamtia maji na dawa ya maumivu, wakasema anahitaji damu, wakanipima na kukuta yangu ni ile inayokubaliwa na watu wote, jambo ambalo sikushangaa nalo. Muuguzi akauliza kama mimi ni ndugu, nikasema ngoja umalize kuitoa, nitakuwa. Siku ya tatu mtoto aliomba samaki, na tangu hapo anabishania bei sokoni kama aliyezaliwa Kindu.

Daktari alimfundisha mama yake maji mengi, vidonge vya kuongeza damu, chandarua, asipigwe na baridi ya Dzaleka. Haikuwa dawa ya kumaliza ugonjwa, lakini Amanda huyu hapa, amesimama kwa miguu yake, na mimi nawaambia kifua changu ni chepesi leo hata katika msiba. Cha baba yake kilikuwa chepesi zaidi. Hofu yake haikuwa kufa, ilikuwa kwamba akifa, mtu mwenye huruma atamchoma mwanawe ile sindano. Mwezi wa kumi alimwita Bucumi, wakamimina chupa pamoja chooni, akasema wenzake aliowaacha maabara wanaendelea, gunia litapatikana tena, na siku moja watu watalifunga likiwa na chumvi ndani. Wanaoitafuta chupa waache kuitafuta, mama Amanda anawekea mafuta ya taa, na anayetaka kuionja aonje yeye kwanza, Bucumi atatazama.

Marehemu alifariki tarehe 3 Desemba 1996, Jumanne, saa nne asubuhi, nyumbani kwake hapa Dzaleka, baada ya kulala chali kwa mara ya kwanza tangu Julai, Kankindi akimshika mkono, Amanda akimsomea masomo yake ya shule. Ameacha mjane, binti mmoja, shemeji mmoja, na mabeseni kumi na moja ambayo wenyewe mje mchukue.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lilongwe, zikomo kwambiri, zahanati ya kambi, walimu wenzake, majirani waliochimba kaburi katika matope ya mvua hii, Baba Padri aliyenivumilia, na Bucumi, aliyebeba jeneza upande wa mbele tangu nyumbani bila kupokewa.

Sisi Waislamu tunasema kila nafsi itaonja mauti. Nimekaa na neno hilo tangu Jumanne. Mwenye nyumba wetu, ambaye wageni walimwonjesha mpaka chai ikaisha, amefanya desturi mara ya mwisho, amekionja yeye kwanza kikombe ambacho sote tutapewa, na niliuona uso wake, jamani, haukukunjamana. Kwa hiyo leo chai ya msiba ikija, mtu yeyote asiombe kuonjewa. Bucumi, anza kumimina.

Pumzika kwa amani, fundi, ndoo zako hazivuji.