Mama Otilia na Tishu Zilizochubua Watoto

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuhudumia mama na mtoto, Muuguzi Otilia Sangu anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2003. Alianzia Chala, kisha akahamia kliniki yetu hapa Katandala. Sauti yake ni ya kwaya: akiita jina la mtoto mmoja, wengine watatu huamka.

Tutamkumbuka zaidi kwa mkasa wa mwaka 1996. Biashara ya bidhaa za nje ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya mjini yakaanza kuuza tishu za maji za kufutia watoto, zenye harufu ya maua. Kwa baridi yetu ya Juni, akina mama walifurahi kutochemsha maji kila mara. Ghafla watoto wakaanza kuletwa wakiwa na mapaja mekundu. Binti mchanga wa Kija, mama kutoka familia ya wafugaji, alichubuka mpaka ngozi ikatoa maji, na homa ikapanda. Tuliogopa tungempoteza.

Daktari alipokuwa akimtibu, Mama Otilia alimuuliza Kija anamfutia nini mtoto. Kija akafungua khanga, akatoa pakiti ya tishu. Mama Otilia alikata vipande, akavibandika kwa plasta kwenye mkono wake na mikono ya sisi wauguzi tuliokubali. Kesho yake karibu wote tulikuwa tunajikuna.

Adolfu, mwenye duka lililouza tishu hizo, aliposikia alikuja juu: “Mnataka kuniulia biashara!” Mama Otilia hakubishana. Alimwomba abandike kipande mwenyewe, naye akakubali. Jumapili kanisani alijikuna mahubiri yote, mkewe Cornelia akimfinya atulie. Jumatatu alileta maboksi yote kliniki kwa hiari yake. Vipimo vya Dar es Salaam vilithibitisha baadaye kwamba dawa ya kuzuia tishu zisioze ilikuwa kali mno kwa ngozi ya mtoto.

Wakati huo binti wa Kija alikuwa amekwisha kupona, akioshwa kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini cha pamba. Siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, Kija alipiga magoti: “Asante, mama. Jana amelala, na mimi nikalala.” Mama Otilia alikimbilia stoo kulia. Tulimfuata, tukalia wote, mzigo umetutoka.

Sasa anarudi kwao Kaengesa kulima maharage na ulezi. Asante sana, Mama Otilia. Mungu akujalie afya, mvua za wakati wake, na usingizi usiokatizwa na mtu wa kugonga mlango.