Maneno Madogo Chini ya Matete

Baba mchungaji, mwenyekiti wetu wa baraza la mtaa, yaani LC, wazee wa pande zote mbili, majirani wa Mbuya na Bugolobi, Wakristo kwa Waislamu, mimi ni Ojera, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu Ayaa Santa, naomba mnivumilie nikikwama, maana kuna sehemu moja ambayo sisi wenyewe tulibishana hadi jana kama isomwe au iachwe.

Ayaa alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 katika nyumba za askari hapa Mbuya, mtoto wa kwanza wa marehemu Sajenti Ogwal na mama yetu Adyero, ambaye amekaa hapa mbele, na kwa kuwa alikulia kambini kati ya watoto wa kila kabila, Kiswahili kilimtoka kinywani kabla ya Kilango, lugha yetu ya nyumbani, jambo ambalo baba hakulipenda kabisa, ingawa malalamiko yake yote aliyatoa kwa Kiswahili hichohicho.

Alisoma shule ya msingi hapa Mbuya kuanzia 1988 hadi 1994, akaendelea na sekondari huko Kibuli hadi mwaka 2000, akipanda na kushuka milima hii kwa miguu, akichapwa mara kwa mara kwa kuchora samaki kwenye daftari la hesabu, kisha akapata stashahada ya uchoraji mwaka 2003, wakati ambapo baba alikuwa ameshamtafutia nafasi ya unesi jeshini.

Alianza kazi kwa kuandika mabango ya maduka na saluni za Bugolobi, na hapo ndipo alipokutana na shemeji yetu Augustin, fundi cherehani aliyekimbia vita Bukavu mwaka 2004, Ayaa alikwenda kumwandikia bango, akakosea jina la duka, akarudi kulirekebisha, akakosea tena, na shemeji anasema hadi leo kwamba hakuwa amekosea. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 2007, Mungu akawajalia watoto wawili, Princesse aliyezaliwa mwaka 2009 na Guerschom aliyezaliwa mwaka 2013.

Mwaka 2011 aliungana na wasanii wenzake Ulrich na Atim, hao waliobeba maua, wakaanza kuzoa chupa za plastiki na mifuko kwenye mtaro unaopeleka uchafu wetu ziwani, wakashona na kusuka mpaka wakapata kambare mkubwa kuliko pikipiki, wakamsimamisha kando ya barabara ili kila mtu aone alichotupa kikimkodolea macho. Wengi wenu mliwacheka mkawaita wasanii wa takataka, na Ayaa alilipenda jina hilo, akalipaka mlangoni kwenye karakana yao.

Sasa nafika pale nilipowaambia. Chemchemi iliyo chini ya mlima mnaijua, na mnakumbuka kwamba mwaka 2016 ilikuwa imegeuka jalala, ndipo LC ikawaomba wasanii waupake rangi ukuta wake, Ayaa akachora ngege, matete, na maji ya bluu ambayo hakuna aliyewahi kuyaona Kampala, na takataka zikakoma kweli, watu waliona haya kutupa mfuko mbele ya samaki wale. Lakini bwana afya aliyeyapima maji alikuwa amemwambia kwamba vyoo vya juu mlimani vinavujia ndani, na kwamba ni lazima aandike pale ukutani, kwa herufi kubwa, watu wachemshe maji kabla ya kunywa. Dada yangu aliona herufi kubwa zitaharibu picha. Aliyaandika maneno hayo madogo, chini kabisa, katikati ya matete, mahali ambapo jerikani zetu hupangwa foleni kutwa nzima, kwa hiyo hakuna aliyeyasoma, na watu wakaanza kuja kutoka mbali, wakinywa kwa viganja palepale, wakisema maji yaliyopambwa hivi yatakuwa na ubaya gani.

Mvua za mwaka 2018 zilileta taifodi, na tarehe 22 Mei mtoto Shamim, binti wa jirani yetu Rehemah, alifariki akiwa na miaka sita. Msibani Mama Shamim alikuwa akilia kwamba ni yeye aliyemuua mtoto kwa kuacha kuchemsha maji, kwamba alidhani Mama Princesse ameshatusafishia, na Ayaa alikuwa amekaa naye mkeka mmoja alipokuwa akiyasema hayo.

Alitaka kumweleza siku ileile, na sisi ndio tuliomkataza, mama akihofia ugomvi, shemeji akihofia polisi kama mkimbizi yeyote anavyowahofia, na mimi nikimwambia kwamba taifodi ina milango mingi, maneno ambayo niliyasema haraka sana ili tuyamalize. Tangu hapo, kila mwaka kabla ya mvua, alikwenda kuupaka ukuta upya, akichanganya rangi kwa maji ya chemchemi yenyewe ili bluu itoke na tope lake, na kila mwaka aliyakuza yale maneno, akamfuta samaki huyu, akamfuta na yule, hadi ukutani pakabaki agizo la kuchemsha maji peke yake. Tulimwambia ameishiwa, ameharibu kitu kizuri, hata mimi nilimwambia.

Februari 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, akatibiwa kwa miaka miwili, na Februari mwaka huu alipaka ukuta akiwa ameketi kwenye kigoda, Princesse akimshika mgongo. Alifariki Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, saa kumi alasiri, mikononi mwa mumewe, baada ya kutuapisha mimi na shemeji kwamba haya yatasomwa, na Mama Shamim awepo ayasikie.

Mama Shamim, dada yetu aliambiwa, alijua, na alichagua picha. Hakututuma tukuombe umsamehe, alisema hana haki ya kuomba hilo akiwa hayupo, alitaka tu ujue kwamba hukumkosea mtoto wako. Sisi tumekusikia ukijilaumu miaka yote hii, tunakutana nawe njiani, tunakuuliza habari za nyumbani, na tunanyamaza. Tunaona aibu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, kanisa, wasanii wenzake, majirani waliotuazima viti na hema, na wote watakaomsindikiza hadi kwetu Lira kwa mazishi kesho. Na tunamshukuru Mama Shamim huyohuyo, ambaye tangu Jumatatu amekaa kwenye mafiga nyuma ya hema akituchemshia maji, hamruhusu mtu mwingine aguse sufuria, na chai mliyokunywa asubuhi hii imetoka mikononi mwake. Ndiyo maana spika moja tumeielekeza jikoni. Kiti kitupu mnachokiona karibu na jeneza ni chake, Mama Shamim, akipenda kuja, na asipopenda hatutamlaumu.

Ayaa, dada yangu, pumzika sasa, leo nimeyasoma kwa sauti kubwa.